Deep Purple ipi? Vikosi tisa, albamu 23 na namna ya kuzipanga

Ukijaziwa nyimbo za roki kwenye flashi katika vibanda vya Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni mjini Iringa, folda ya Deep Purple huja kama rundo lililopangwa kwa alfabeti. Inaanza "Black Night", inafuata "Burn", kisha "Child in Time", na chini zaidi "Hush". Nyimbo hizo nne zina waimbaji wanne: Ian Gillan kwenye wa kwanza na wa tatu, David Coverdale akipokezana na Glenn Hughes kwenye "Burn", na Rod Evans kwenye "Hush". Msikilizaji asiyeambiwa hilo hudhani bendi haina msimamo, akaishia kubaki na "Smoke on the Water" peke yake.

Bendi yenyewe, ya roki kutoka Uingereza, ilianza 1968 na mwaka 2024 ilitoa albamu mpya. Katikati ya miaka hiyo ilivunjika 1976, ikarudi 1984, ikamfukuza mwimbaji wake mashuhuri 1989, ikamrudisha 1992, ikakimbiwa na mpiga gitaa wake katikati ya ziara 1993. Huhitaji kukariri majina yote. Kila albamu iulize maswali mawili: nani anaimba, na nani yuko kwenye gitaa? Ukiyajibu hayo mawili, karibu kila kitu kingine kinajipanga chenyewe.

Kwenye drams huna haja ya kuuliza. Ni Ian Paice, tangu siku ya kwanza hadi leo, mpigaji wa mkono wa kushoto ambaye yumo kwenye albamu zote. Kwenye ogani wamepita watu wawili tu: Jon Lord hadi 2002, kisha Don Airey. Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Roho ya Deep Purple haiko kooni mwa mwimbaji yeyote. Iko kwenye mabishano ya ogani na gitaa juu ya ngoma za Paice. Mabishano yakiwa makali, albamu inasimama hata mwimbaji akiwa mgeni. Yakilegea, hata Gillan hawezi kuiokoa.

Mashabiki huviita vikosi vya bendi hii kwa neno Mark na namba za Kirumi. Mark I ni ya 1968 hadi 1969. Mark II, iliyo maarufu kuliko zote, ni ya 1969 hadi 1973, na ilirudi mara mbili: 1984 hadi 1989, kisha 1992 hadi 1993. Mark III ni 1973 hadi 1975, Mark IV 1975 hadi 1976, Mark V 1989 hadi 1992. Mark VI haikuacha albamu yoyote. Mark VII ni 1994 hadi 2002, Mark VIII 2002 hadi 2022, na Mark IX ndiyo iliyopo sasa.

Hesabu ya albamu nayo huleta ubishi. Ukihesabu za studio kuanzia *Shades of Deep Purple* (1968) hadi *=1* (2024) unapata 23. Anayepata 22 ameiacha *Turning to Crime* ya 2021, kwa sababu ina nyimbo za watu wengine tu. Anayepata 24 ameingiza *Concerto for Group and Orchestra*, ambayo ilirekodiwa jukwaani. Yetu hapa ni 23.

Kupanga folda kabla ya kusikiliza

Hitilafu ya kwanza iko kwenye mwaka. Faili nyingi zinazozunguka zimetoka kwenye matoleo yaliyosafishwa upya, kwa hiyo *Machine Head* inaweza kujionyesha kama ya 1997 na kupangwa baada ya *Purpendicular* ya 1996. Usiuamini mwaka ulioandikwa ndani ya faili. Andika mwaka wa kwanza wa kutoka mwanzoni mwa jina la folda: "1970 In Rock", "1971 Fireball", "1972 Machine Head". Ndani yake, kila wimbo uanze na tarakimu mbili: 01, 02, 03. Ukiandika 1, 2, 3 bila sifuri, redio nyingi za gari zitaruka kutoka wimbo wa 1 hadi wa 10.

Redio za bei nafuu zina tabia nyingine: hazisomi majina, zinafuata mpangilio wa kunakiliwa. Dawa yake ni kuifomati flashi kwa FAT32, kisha kunakili folda moja moja kuanzia ya zamani, ukisubiri ya kwanza iishe ndipo uweke ya pili.

Kwa ubora, tafuta MP3 ya kbps 320. Kiwango hicho hula MB 2.4 kwa kila dakika, kwa hiyo *Machine Head*, yenye dakika 37 hivi, inachukua takribani MB 89, na albamu zote 23 zinaenea kwenye flashi ya GB 4. Faili ya kbps 128 ni nyepesi, MB 36 kwa albamu hiyohiyo, lakini sahani za Paice husikika kama maji yanayomwagika na ogani hupoteza ukali wake wa juu. Kuibadili faili ya 128 iwe 320 hakurudishi kilichokatwa. Inaongezeka ukubwa tu.

*Machine Head* ina utata wake. Ipo miksi ya awali ya 1972, ipo miksi mpya aliyoifanya mpiga besi Roger Glover kwa toleo la 1997, na ipo ya Dweezil Zappa iliyotoka 2024. Rekodi za studio ni zilezile, ila uwiano wa vyombo unatofautiana. Anza na ya 1972, maana ndiyo iliyosikika duniani.

Kikosi cha kwanza, na tarehe zilizopishana

Wazo la mwanzo lilikuwa la Chris Curtis, aliyekuwa mpiga drams wa The Searchers. Alitaka bendi iitwayo Roundabout, ambamo wanamuziki wangeingia na kutoka. Curtis mwenyewe akatoka mapema. Wakabaki Jon Lord wa ogani na Ritchie Blackmore wa gitaa, wakaongezwa Paice, Rod Evans wa kuimba na Nick Simper wa besi. Jina Deep Purple lilitoka kwenye wimbo alioupenda bibi yake Blackmore.

Albamu ya kwanza ilirekodiwa kwa siku tatu Mei 1968. "Hush", utunzi wa Joe South, ulifika namba 4 Marekani huku nyumbani Uingereza ukipita bila kelele. Kampuni yao ya Marekani, Tetragrammaton, ilikuwa inazitoa albamu mapema kuliko ile ya Uingereza. *The Book of Taliesyn* ilitoka Marekani Oktoba 1968, na Waingereza wakaipata katikati ya 1969. Ya tatu, yenye jina la bendi tu, ilifika madukani Uingereza Septemba 1969, wakati Evans na Simper walikwisha kuondolewa. Ndiyo maana orodha mbili za kuaminika zinaweza kukupa tarehe mbili za albamu moja, na zote zikawa sahihi.

Kimuziki, kikosi hiki kinaongozwa na ogani. Blackmore bado hajapata nafasi yake. Sikiliza "Hush" na "And the Address", kisha songa mbele.

Kikosi cha pili, 1969 hadi 1973

Gillan na Glover walitoka bendi ya Episode Six katikati ya 1969. Kazi kubwa ya kwanza hadharani haikuwa ya roki ya kawaida. Tarehe 24 Septemba 1969, katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, walipiga *Concerto for Group and Orchestra*, utunzi wa Lord, pamoja na okestra ya Royal Philharmonic ikiongozwa na Malcolm Arnold. Magazeti yakaanza kuwaita bendi ya okestra, jambo ambalo Blackmore hakulitaka hata kidogo.

Jibu lake ni *In Rock*, ya Juni 1970. Ilirekodiwa vipande vipande katikati ya ziara, kwenye studio tofauti za London, na bado inasikika kama pumzi moja. "Speed King" inafungua kwa kelele ambazo toleo la Marekani la wakati huo lilizikata, kwa hiyo ukisikia wimbo unaanza bila fujo ile, una toleo la Marekani au nakala yake. "Child in Time", wa dakika kumi na kidogo, ndio unaoonyesha umbali wa sauti ya Gillan. Na "Black Night", uliofika namba 2 Uingereza mwaka huohuo, haumo kwenye albamu asilia. Ulitoka peke yake, na ukiukuta ndani ya *In Rock* umeongezwa baadaye.

*Fireball* (1971) ina mtego unaofanana na huo: Uingereza ilikuwa na "Demon's Eye", Marekani ikawekewa "Strange Kind of Woman" mahali pake. Ni albamu ya mpito, nzuri lakini isiyotulia.

Kisha ikaja safari ya Montreux, Uswisi, Desemba 1971. Mpango ulikuwa kurekodi ndani ya ukumbi wa kasino kwa kutumia gari la studio la Rolling Stones, lenye mitambo yote ndani yake. Tarehe 4 Desemba, Frank Zappa na bendi yake wakiwa jukwaani, mtu mmoja alifyatua fataki ya ishara kuelekea dari, na kasino likateketea lote. Hakuna aliyekufa. Deep Purple wakahamia ukumbi wa Pavilion, wakafanikiwa kurekodi muziki wa wimbo mmoja ambao haukuwa na maneno wala jina, ndipo polisi wakafika kwa malalamiko ya majirani. Hatimaye waliingia Grand Hotel, iliyokuwa imefungwa kwa majira ya baridi. Wakaegesha gari nje, wakaziba korido kwa magodoro, wakafanya kazi hadi takribani tarehe 21.

Kutoka walipokuwa wanapiga hadi kwenye gari ilibidi wapite vyumbani na kwenye roshani, nje kukiwa na baridi, kwa hiyo waliacha kwenda kusikiliza walichorekodi. Wakipiga na kuona kimekaa, wanaendelea. Ukavu na uhai wa *Machine Head* unatokana na hilo kwa sehemu kubwa, pamoja na mkono wa fundi sauti Martin Birch. Ule wimbo wa Pavilion ndio uliopewa maneno juu ya moshi uliotanda ziwani na kuitwa "Smoke on the Water". Bendi haikuuona kama wimbo wa kutangulizwa. Walitanguliza "Never Before". "Smoke" ulitolewa peke yake Marekani 1973, ukafika namba 4.

Rifu yenyewe, kwa wapiga gitaa na kinanda

Vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini hujifunza gitaa na kinanda kanisani, na rifu ya "Smoke on the Water", yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, ndiyo ya kwanza wanayojaribu baada ya mapambio. Wengi huipiga kwa kodi za nyuzi tatu na piki, wakiweka noti ya mzizi chini na ya tano juu. Inasikika nzito, lakini siyo ile.

Blackmore hutumia noti mbili tu zenye umbali wa nne, kama kutoka D hadi G, mzizi ukiwa juu. Njia rahisi ni uzi wa 4 (D) na wa 3 (G) pamoja. Vipande vyake ni hivi: 0, 3, 5, kisha 0, 3, 6, 5, kisha 0, 3, 5, kisha 3, 0. Kila namba ni freti ya nyuzi zote mbili kwa mpigo. Weka piki mfukoni, uzichomoe nyuzi kwa dole gumba na kidole cha shahada kwa wakati mmoja, ili noti mbili zianze sawia. Kasi ni takribani mapigo 112 kwa dakika. Kosa la kawaida ni kuziacha noti zivutike. Zikate kwa kulegeza vidole vya mkono wa kushoto, na zile nyuzi tupu za 0 uzizime kwa kiganja. Kosa jingine ni freti ya 6: ni ya kugusa tu kabla ya kuangukia 5, si ya kukaliwa.

Kwa nini umbali wa nne unafanya kazi? Sauti mbili zikipita pamoja kwenye amplifaya iliyosukumwa hadi ikakwaruza, hutokea sauti ya tatu yenye marudio (mitetemo kwa sekunde, Hz) sawa na tofauti yao. D ya uzi wa nne ni Hz 146.8 na G ya uzi wa tatu ni Hz 196. Tofauti ni Hz 49.2, ambayo ni G ya chini kabisa. Noti mbili zinajizalia besi yao. Jaribu sasa G na B, yaani kodi yenye tatu kubwa ndani yake: Hz 196 na 246.9 hutoa Hz 51 hivi, isiyo G wala G shapu. Hiyo ndiyo matope inayosikika ukipiga kodi kamili ya meja kwenye distoshen kali, na hakuna kitufe cha miksa kitakachoiondoa.

Kwenye kinanda, mambo ni yaleyale. Lord alipiga ogani ya Hammond C3, na siri yake ilikuwa kuipitisha kwenye amplifaya ya Marshall, ile ya wapiga gitaa, badala ya kuitegemea spika ya Leslie inayozunguka. Kwa hiyo kinanda cha kanisa kilichochomekwa moja kwa moja kwenye miksa hakitakupa sauti yake hata ukichagua ogani ya roki. Ukitaka kuikaribia, chagua sauti ya ogani isiyo na mapambo, zima koras na mwangwi. Kama kinanda kina zile fimbo tisa za kuvuta, vuta tatu za kushoto hadi mwisho, yaani 888000000, sita zilizobaki ziache ndani. Toa waya mmoja tu kwenye tundu la kushoto lenye alama ya mono, upitishe kwenye pedali ya ovadraivu au amplifaya ya gitaa. Kinanda kina nguvu kuliko gitaa, kwa hiyo anza na sauti robo. Ukianza juu, pedali haikwaruzi bali inabwata. Mkono wa kushoto usishuke sana, kwani spika ya gitaa haikutengenezwa kwa besi za ogani na inaweza kupasuka. Mkono wa kulia upige nne na tano, uziache tatu mpaka kwenye sehemu tulivu.

Mpangilio wa kuingia kwenye wimbo ni gitaa peke yake, kisha haihati na ogani iliyokwaruzwa, kisha drams kamili, kisha besi, mwisho mwimbaji. Bendi zinazoingia zote kwa pamoja huua wimbo kabla haujaanza.

Aliyekulia kwenye matarumbeta ya Kimoravian kule Rungwe au kwaya za Kilutheri za Iringa atatambua jambo jingine. Solo ya "Highway Star" inapita juu ya mfuatano wa D ndogo, G ndogo, C na A, na Blackmore amesema mara kadhaa kwamba wazo lake linatoka kwa Bach. Ni mwendo wa sauti ambao sikio la kwaya tayari linaujua. Mwalimu wa kwaya akiusikiliza kwa makini ataufuata upesi kuliko kijana aliyezoea bongofleva.

Made in Japan na uchovu

Kama una nafasi ya albamu moja tu, chukua *Made in Japan*, iliyorekodiwa Osaka tarehe 15 na 16 Agosti 1972 na Tokyo tarehe 17. Nyimbo saba, diski mbili za santuri. "Space Truckin'" wa studio una dakika nne na nusu. Hapa unakaribia ishirini. Hapa ndipo mabishano ya ogani na gitaa yanaposikika bila kizuizi, na hakuna albamu ya studio inayoyafikia. Toleo asilia halina nyimbo za kumalizia onyesho. Zile za ziada ni za matoleo ya baadaye.

Wakati huo bendi ilikuwa imechoka. Ziara zilifuatana, na wasimamizi hawakutaka kuwapa likizo. Gillan aliandika barua ya kuacha kazi Desemba 1972, akatumikia notisi hadi onyesho la Osaka la 29 Juni 1973. *Who Do We Think We Are* (1973) ni albamu ya watu wasiosemezana. "Woman from Tokyo" unasimama, mengine yanapita.

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya Tunduma, vijana wa Zambia walikuwa wanasikiliza roki nzito ya Uingereza na Marekani na kutengeneza yao, Zamrock. WITCH walitoa *Lazy Bones!!* 1975, Amanaz wakatoa *Africa* mwaka huohuo. Msikilizaji wa Mbeya au Vwawa anayetaka kujua gitaa la mkwaruzo lilisikikaje karibu na nyumbani aanzie hapo, kisha arudi kwenye *In Rock*. Undugu utaonekana.

Kikosi cha tatu na cha nne

Coverdale alikuwa hajulikani, akifanya kazi kwenye duka la nguo mjini Redcar, alipochukuliwa 1973. Hughes alitoka Trapeze akiwa mpiga besi na mwimbaji kamili. Kwa hiyo Mark III ina waimbaji wawili: Coverdale sauti nene ya bluzi, Hughes ile ya juu yenye ladha ya soul. *Burn* (1974) ni albamu yenye nguvu, na Paice kwenye wimbo wa jina hilo anapiga drams kana kwamba ndiye anayeimba. *Stormbringer*, ya mwishoni mwa mwaka huohuo, ilielekea kwenye fanki. Blackmore hakuipenda njia hiyo, akaondoka Aprili 1975 na kuanzisha Rainbow akiwa na Ronnie James Dio.

Tommy Bolin, Mmarekani aliyepiga kwenye *Spectrum* ya Billy Cobham, alichukua gitaa. *Come Taste the Band* (1975) inadharauliwa bila haki. Ni albamu nzuri, ila si ya mabishano yale ya zamani. Tatizo lilikuwa jukwaani. Bolin alikuwa na uraibu wa heroini, na mjini Tokyo Desemba 1975 mkono wake wa kushoto haukufanya kazi ipasavyo. *Last Concert in Japan* inatoka kwenye onyesho hilo, na unaweza kumsikia Lord akijaza kwa ogani mahali ambapo gitaa lilipaswa kuwa. Usiichanganye na *Made in Japan*; jina linafanana, lakini ndizo mbili zilizo mbali kuliko zote. Bendi ilivunjika baada ya onyesho la Liverpool, 15 Machi 1976. Bolin alifariki 4 Desemba mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 25.

Miaka ya utupu, na bendi bandia

Kati ya 1976 na 1984 hakuna albamu ya studio. Mwaka 1980 ilizuka Deep Purple ya uongo: Rod Evans pamoja na wanamuziki wasiokuwa na uhusiano wowote na bendi walizunguka Amerika ya Kaskazini kwa jina hilo. Mahakama iliwaamuru walipe zaidi ya dola 600,000, na Evans akapoteza mirabaha yake ya albamu tatu za kwanza. Rekodi yoyote ya jukwaani inayodai kupigwa na Deep Purple mwaka 1980 ni ya kundi hilo.

Wenyewe walikuwa wametawanyika. Lord na Paice waliishia Whitesnake ya Coverdale. Glover alijiunga na Rainbow ya Blackmore 1979, ambako alikuwamo pia Don Airey, na baadaye mwimbaji Joe Lynn Turner. Gillan aliimba na Black Sabbath kwenye *Born Again* ya 1983. Weka majina haya akilini, kwa sababu "wageni" wa baadaye wametoka humohumo.

Kurudi, na maisha bila Blackmore

*Perfect Strangers* (1984) ni Mark II ile ile, na wimbo wa jina la albamu umejengwa juu ya ogani nzito inayotosha kueleza bendi hii nzima. *The House of Blue Light* (1987) ni hafifu. Gillan akafukuzwa, akaja Turner kwa *Slaves and Masters* (1990), ambayo kwa kweli ni albamu ya Rainbow yenye jina la Deep Purple. Gillan akarudi kwa *The Battle Rages On* (1993), na tarehe 17 Novemba 1993 Blackmore alipiga onyesho lake la mwisho mjini Helsinki. Joe Satriani aliziba pengo hadi 1994. Hiyo ndiyo Mark VI isiyo na albamu.

Steve Morse, aliyekaa hadi 2022, ndiye mpiga gitaa aliyedumu kuliko Blackmore katika utumishi mfululizo, na bado wengi hawajamsikiliza. Hilo ni kosa. *Purpendicular* (1996) ni mojawapo ya albamu tano bora za bendi hii. Anza na "Sometimes I Feel Like Screaming". Morse habishani na ogani kama Blackmore, anasuka nayo, na Lord anasikika amepumua. Lord aliondoka 2002, akafariki 16 Julai 2012. Airey alipokea ogani kuanzia *Bananas* (2003).

Kuanzia *Now What?!* (2013) mzalishaji ni Bob Ezrin, na tofauti inasikika: nyimbo fupi, sauti iliyo wazi. "Uncommon Man" humo ndani ni wa kumkumbuka Lord. *Whoosh!* (2020) ina "And the Address" uliorekodiwa upya, wimbo ulioifungua albamu ya kwanza ya 1968, na katika waliopo studio ni Paice peke yake aliyeupiga mara zote mbili. Ziweke faili hizo mbili pamoja, usikilize drams tu.

Morse aliacha bendi 2022 ili amuuguze mkewe. Nafasi yake ilichukuliwa na Simon McBride wa Ireland ya Kaskazini, na *=1* ikatoka Julai 2024. McBride hupiga kwa ukali kuliko Morse, na Airey amelazimika kumjibu. Anza na "Portable Door": gitaa na ogani zinakatizana kuanzia rifu ya kwanza, na Gillan, akielekea miaka 79, anaimba chini ya zilipo noti zake za zamani bila kujilazimisha.